Mashine Zilizokuwa Nzima Daftarini

Ninyi mnaobaki karakana mmeniomba niwaandikie kama pikipiki za magurudumu manne zinaaminika katika milima yetu ya Kibondo na Kasulu, au haziaminiki. Swali hilo niliwahi kulijibu. Nililijibu kwa kurasa kumi na moja zilizopigwa chapa, zenye majedwali, na chini ya ukurasa wa mwisho nikatia sahihi. Jibu langu lilikuwa limepangwa vizuri na halikuwa la kweli. Wakati naliandika sikujua hivyo. Kutojua huko hakunipunguzii chochote, maana kazi niliyoajiriwa kuifanya ilikuwa ni kujua.

Sitawachosha kwa habari za vyeo. Nitaanza na Fundi Chande, kwa sababu kosa langu lilizaliwa katika fundisho lake jema.

Nilitoka chuoni na vyeti safi na mikono laini. Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Chande, mtu mfupi, mkimya, aliyepungukiwa kidole kimoja na ambaye hakupata kumweleza mtu kilikokwenda. Nilimwambia kuwa dereva wa lori amesema lori lake linavuta kushoto.

"Wewe umeliona likivuta?"

"Hapana, Fundi. Nimeambiwa."

"Basi huna habari. Una maneno. Kalale chini yake, urudi na chuma."

Nililala chini, nikarudi baada ya saa mbili na bushi, kipete cha chuma cha kiungo cha gurudumu, iliyolika upande mmoja. Aliigeuzageuza kiganjani, akasema, "Sasa tunaongea."

Kwa miaka zaidi ya thelathini niliishi kwa sentensi hizo. Sikupenda uvumi, na sijaanza kuupenda hata leo. Ila jambo moja lilibadilika polepole bila mimi kuliona. Chande alidai chuma. Mimi, kadiri nilivyosogezwa kutoka karakana kwenda ofisini, nilianza kuridhika na karatasi. Karatasi haina grisi, na huisoma mtu akiwa ameketi.

Mwaka 2012 mradi tuliouhudumia, wa kupeleka chanjo vijijini, uliletewa mashine nne za aina hiyo. Mbili zilibaki Kasulu, nilipokuwa na ofisi kama msimamizi wa vyombo vya usafiri, na mbili zilipelekwa Kibondo. Zilipokuwa zinashushwa, madereva walizizunguka kama watu wanaotazama ng'ombe wa mahari.

"Hii ni pikipiki iliyooa trekta," alisema mmoja.

"Na mtoto amefanana na mjomba," akajibu Bukuru, akiinama kutazama chini ya tumbo la mashine. "Mbona haina mnyororo? Inavutwa na nini?"

Bukuru alikuwa dereva wa Kibondo, Muha wa huko huko, mkubwa katika mapacha kama jina lake lisemavyo. Alikuwa ameendesha pikipiki za kawaida katika vilima vile kwa miaka mingi bila kuangusha hata kasha moja la chanjo. Alikuwa mtu wa heshima za zamani: akinisalimu aliinama kidogo, akapiga makofi mepesi, na hakunyanyua macho mpaka nimjibu. Nilimweleza kuwa mashine ile inavutwa na mkanda wa mpira uliofichwa ndani ya kasha. Akasema, "Mkanda wa mpira, mzee, na milima hii?" Nilimwambia waliotengeneza mashine wanajua kazi yao. Lilikuwa swali la kiufundi kuliko yote niliyoulizwa siku ile, na nililijibu kwa kumnyamazisha.

Niwape yale ninayoyajua kwa yakini, kwa kuwa baadaye niliyashika kwa mikono. Mkanda huo huungua mashine ikipanda mlima mrefu kwa mzigo mzito na mwendo mdogo. Harufu yake hutangulia, kisha nguvu hupotea. Mpira unaofunika viungo vya ekseli huchanika kwa visiki, na ukichanika tope letu jekundu huingia na kusaga kiungo kama unga. Beringi za magurudumu haziwezi kuvumilia kuvushwa kila siku katika vijito. Na ncha za tairodi, vile viungo vidogo vinavyounganisha usukani na magurudumu ya mbele, hulegea mapema kuliko kitabu kinavyosema, kwa sababu waliokiandika kitabu hawakuiona barabara ya kutoka Kibondo kuelekea vijiji vya upande wa Kakonko baada ya mvua za Machi. Zaidi ya hayo, mashine ilitengenezwa kumbeba mtu mmoja. Sisi tuliipa dereva, muuguzi, makasha mawili ya baridi, na mara nyingi mwenyekiti wa kijiji aliyekuwa na haraka.

Hitilafu ya kwanza ilitokea ndani ya miezi mitatu. Mkanda wa mashine ya Bukuru uliungua, naye akaja Kasulu kwa basi akiwa ameufunga ndani ya gazeti. Alinisalimu, akafungua gazeti, akaniwekea mkanda mezani. Tazameni: alifanya vile ambavyo Chande angetaka. Alileta chuma.

Nilimpa karatasi.

Utaratibu ulikuwa wangu, niliutunga mwenyewe na kuupitisha mwenyewe. Dereva yeyote anayeripoti ubovu wa chombo aandike maelezo, aeleze kwa nini asiwajibishwe kwa ubovu huo. Niliamini kwamba mtu akijua ataulizwa, atatunza. Bukuru aliisoma fomu mara mbili.

"Mzee, naomba kuuliza. Mimi nimeleta habari, au nimeleta kosa?"

"Umeleta mkanda ulioungua. Andika umeunguaje."

"Umeungua kwa mlima, mzee."

"Mlima hauandikiwi barua, Bukuru. Wewe ndiye uliyekuwa umeshika usukani."

Madereva waliokuwa mlangoni walicheka. Mimi pia nilitabasamu, nikiona nimesema jambo la akili. Bukuru aliandika kurasa mbili kwa mwandiko wa mtu aliyeishia darasa la saba lakini anayejali herufi zake. Nilimpa onyo la maandishi, nikaliweka kwenye faili lake, na mkanda mpya ulikuja baada ya wiki sita. Katika wiki hizo hakuwa na chombo, na dereva asiye na chombo hakulipwa posho ya safari.

Baada ya hapo lilitokea jambo ambalo nililiita mafanikio. Mashine zilipona. Kila chombo kilikuwa na daftari, na kila asubuhi dereva alitakiwa kujaza umbali, mafuta na hali ya chombo. Mwezi kwa mwezi madaftari yalinifikia Kasulu, na katika safu ya hali ya chombo lilisomeka neno moja kutoka juu hadi chini: kizima, kizima, kizima. Mvua ilinyesha, kikabaki kizima. Kilipanda, kilishuka, kilivuka mito, kikabaki kizima. Mtu aliyewahi kulala chini ya lori hata mara moja angejiuliza. Mimi niliipongeza nidhamu niliyoileta.

Kila robo mwaka nilikwenda Kibondo kukagua. Niliwasha injini, nikasikiliza, nikapima oili, nikatazama tairi, nikasaini. Safari moja niliona nati mpya inayong'aa kwenye gurudumu la mbele la mashine ya Bukuru, ilhali nati nyingine zote zilikuwa na kutu. Nilimwambia, "Vizuri, unasafisha chombo." Akasema, "Asante, mzee." Nati moja inayong'aa kati ya nati zenye kutu ni habari kamili, nami niliipita kama mtu asiyejua kusoma.

Yupo mtu aliyejaribu kuniambia. Mzee Salum alikuwa na duka la vipuri pale Kasulu, karibu na stendi, na mwenyewe alikuwa na mashine ya namna hiyo aliyoinunua kwa mtu aliyemaliza kazi zake za ujenzi. Alikuwa akiitumia kubebea mbao na saruji. Mwaka 2013 nilipita kununua plagi, akanivuta kando ya kaunta.

"Mhandisi, kaa kidogo. Hizi punda zetu za magurudumu manne unazionaje?"

"Zinakwenda vizuri."

"Zako zinakwenda vizuri?" Alitoa miwani, akaifuta kwa kanzu, akaivaa tena. "Yangu imekula mikanda miwili, beringi sijui ngapi, na ile ncha ya usukani nimebadilisha hadi nimechoka. Nimeifunga ya bajaji, nimeichonga kwa tupa ikaingia. Mimi naendesha pole pole, mjini, siku kavu. Wewe zako zinapanda Kibondo na masika, halafu nzima?"

"Madaftari yanaonyesha hivyo."

"Madaftari." Alicheka bila sauti. "Bwana mkubwa, watu wako wananunua hapa. Wananunua kwa mfuko wao. Waulize."

Nilimwambia kwamba mwenye duka la vipuri ana sababu nzuri ya kuona ubovu kila mahali. Akanifungia plagi kwenye karatasi. "Haya, Mhandisi. Mimi muuza duka." Tangu siku hiyo alinisalimia kwa adabu kamili, ambayo kwa mtu kama Salum ni adhabu.

Sikuwauliza madereva. Maneno ya Salum yalikuwa ya kusikia, na daftari lilikuwa la maandishi.

Mwanzoni mwa 2014 wafadhili walitaka kununua mashine nyingine, wakaomba ofisi iandike uzoefu wake juu ya uimara wa zile za kwanza. Kazi nilipewa mimi. Nilikusanya madaftari yote, nikajumlisha umbali, nikahesabu hitilafu zilizoripotiwa, nikakuta karibu hakuna. Niliandika kwamba mashine hizi zimethibitika kuwa imara katika mazingira ya milima, isipokuwa tukio moja la mkanda lililotokana na uendeshaji. Tukio hilo moja ndilo Bukuru alilolileta ndani ya gazeti. Kwa hiyo katika taarifa nzima mtu pekee aliyenena kweli ndiye aliyeonekana dereva mbaya.

Masika ya mwaka huo huo, Bukuru akiwa peke yake na makasha ya chanjo, alikuwa akishuka mteremko wenye makorongo pembeni. Ncha ya tairodi ya kushoto ilichomoka. Gurudumu likageuka kwa ghafla, mashine ikapanda ukingo, ikapinduka na kumwangukia nyonga. Wakulima waliokuwa wanapalilia maharage waliikuta injini bado inanguruma. Walimtoa kwa nguzo za kuegemezea migomba, wakambeba kwa machela ya baiskeli. Alipona, kama kupona ni kuishi. Mguu wa kushoto haukukunjika tena.

Niliagizwa kufanya uchunguzi. Niliifanya kazi hiyo kwa siku mbili, kwa umakini wangu wote, nikiwa nimeketi. Nilifungua daftari la mashine. Asubuhi ya ajali, kwa mwandiko ule wa kujali herufi, palikuwa pameandikwa: kizima. Nikaandika kwamba dereva mwenyewe alikithibitisha chombo kuwa kizima saa moja asubuhi, hivyo ajali imetokana na mwendo usiofaa. Nikapendekeza mashine iondolewe kwenye orodha. Kwa taarifa hiyo Bukuru aliachishwa kazi bila kifuta jasho, na mabaki ya mashine yakauzwa kama chuma chakavu.

Wiki tatu baadaye mke wake, Mama Neema, alifika Kasulu. Alikuja na gunia la mkonge begani, akalitua katikati ya sakafu ya karakana, mbele ya mafundi wote. Hakunisalimu, na kwa Waha hilo lilitosha kuwa hotuba.

"Mzee, mume wangu amesema wewe huamini maneno. Sikuja na maneno."

Akaligeuza gunia. Vilimwagika vyuma: mikanda iliyoungua, beringi zilizosagika, vipande vya mpira wa ekseli, vibao vya breki vilivyoisha mpaka chuma, na ncha za tairodi, moja baada ya nyingine. Mojawapo ilikuwa ya bajaji, imechongwa kwa tupa.

"Hivi vilikuwa chini ya kitanda chetu," alisema. "Kila kilichokufa kwenye pikipiki yako alinunua kingine kwa Salum, akakifunga mwenyewe, asije akaandika barua ya kwa nini asiwajibishwe. Mahindi yetu ya mwaka jana yako hapo sakafuni. Na mbuzi wetu wapo hapo. Nilimwambia, Baba Neema, mwambie huyo mzee. Akasema, nilimwambia siku moja, akanipa onyo."

"Kwa nini alivitunza?" niliuliza. Hilo ndilo lililonijia.

"Alisema ipo siku utataka kuona."

Nilipiga magoti. Mafundi waliniambia baadaye kuwa walidhani nimeanguka. Nilikuwa natafuta sehemu zilizolika, nikizigeuza kiganjani kama Chande, na kila moja ilisema jambo lile lile ambalo Salum aliniambia bure kwenye kaunta.

Niliwaita madereva watatu waliobaki. Niliwauliza kama na wao walifanya hivyo.

"Mzee," mmoja akasema, "tukijibu, tutaandika maelezo?"

Nikasema hapana. Hawakuniamini, na hawakujibu. Walikuwa wamepata mafunzo mazuri kutoka kwangu.

Niliandika taarifa mpya. Nilisema utaratibu wangu ndio uliowafundisha madereva kuficha, kwamba mashine hazina uimara niliouthibitisha, kwamba Bukuru alionewa, na wa kwanza kumwonea ni mimi. Niliambatanisha gunia. Mratibu wa mradi alinirudishia gunia pamoja na barua fupi: vipuri vilivyowasilishwa havina ushahidi wa kutoka katika chombo husika, chombo chenyewe hakipo tena, na maelezo ya mke wa dereva ni ya kusikia. Sentensi hiyo ya mwisho ilinakiliwa neno kwa neno kutoka katika mwongozo wa uchunguzi wa ajali. Mwongozo niliuandika mimi.

Mwaka 2015, wakati barabara zetu zilipojaa malori ya kuwapokea watu waliokuwa wakikimbia kutoka Burundi na kila ofisi ikitaka chombo cha kufika mipakani, mashine mpya sita ziliwasili. Zilinunuliwa kwa msingi wa zile kurasa kumi na moja. Mratibu alinisifu mbele ya wageni kwa kazi nzuri ya utafiti. Nilizipokea, nikazipangia madereva, vijana walioajiriwa wakati huo, baadhi yenu mkiwemo.

Mwishoni mwa mwaka nilistaafu. Katika fomu ya makabidhiano kuna safu ya hali ya vyombo. Safari hii nilivua koti, nikaweka jeki, nikatikisa kila gurudumu kwa mikono miwili, juu na chini, kushoto na kulia. Miezi michache tu ya kazi, na mashine mbili usukani wake ulikuwa umeanza kucheza. Madaftari yake yote yalisema kizima. Niliandika kila kasoro kama nilivyoishika. Karani alinikumbusha, kwa upole na kwa kuona haya, kwamba kwa utaratibu uliopo anayeripoti ubovu huandika maelezo kwa nini asiwajibishwe. Nikachukua fomu yangu mwenyewe. Nikaandika kwamba sina sababu ya kutowajibishwa.

Nakala ya karatasi hizo nilimpelekea Bukuru Kibondo. Anatengeneza baiskeli nje ya nyumba yake, akiwa ameketi kwenye kigoda kirefu, mguu ule umenyooka mbele kama kifaa cha mtu mwingine. Alipiga makofi mepesi kunisalimu. Hakuweza kuinama. Akasoma yote taratibu, akanirudishia.

"Umeandika vizuri, mzee. Wewe siku zote unaandika vizuri."

Alizungusha gurudumu la baiskeli, akasikiliza.

"Hizo mpya, umezitikisa kwa mkono?"

"Zote."

"Zikoje?"

"Mbili zinacheza upande wa kushoto."

Alilisimamisha gurudumu. "Vijana wanaozipanda umewaambia?"

"Nimeandika kwenye makabidhiano."

"Umeandika," alisema Bukuru, akarudi kwenye baiskeli yake.

Alfajiri ya kesho yake nilipanda basi la kwanza la Kasulu. Mlinzi wa geti la ofisi yetu, ambaye nilimwajiri mimi, aliniuliza kama nina barua ya kuingia, kwa kuwa sasa nilikuwa mgeni. Nikamwambia sina barua, nina maneno tu. Akasema samahani, mzee, bila barua haiwezekani. Alikuwa na haki; utaratibu huo nao ulikuwa wangu.

Hivyo nilisimama nje, kando ya barabara, na hapo ndipo baadhi yenu mliponikuta asubuhi ile na pengine mkadhani uzee umenipanda kichwani. Dereva wa kwanza alipotoka na mashine, nilimsimamisha, nikamwomba ashuke. Nikamshika mkono, nikauweka kwenye gurudumu la mbele la kushoto, nikamwambia atikise.